Amwite Lokori Kwanza

Arupe mwanangu,

Sikuulizi hali, maana nakusikia hapo nje ukigombana na sufuria ya vichwa vya samaki, na wewe ukigombana na sufuria huwa mzima. Jua halijazama bado. Nimekaa nyuma ya kibanda cha mwisho, kwenye kile kiti kisicho na mgongo, na nimewaambia wote kwamba namtoa mbwa kupe. Mbwa yupo kweli hapa miguuni pangu, na kupe anao. Nitamrudia nikimaliza kukuandikia.

Mambo ya soksi, sabuni na kutokula kwa watu usiowajua nimemwachia shangazi yako. Alianza juzi na hajamaliza. Kesho basi likikubeba kwenda Kenya, kama tunavyosema sisi wa Lodwar utadhani hapa ni nchi nyingine, utakuwa umeshaonywa juu ya baridi, wavulana na wezi wa simu. Mimi nina jambo moja tu, na nataka ulisome leo kabla hujalala kwa sababu asubuhi lina kazi yako.

Adhuhuri shangazi yako aliniletea ujumbe kutoka kwa Baba Ekal, kaka mkubwa wa marehemu baba yako. Ujumbe ulisema: "Asubuhi nitapita kumtemea maji mtoto wetu kabla hajasafiri." Mtoto wetu. Nikauliza ni nani aliyemwalika kwenye lango langu. Shangazi akaangalia vidole vyake vya miguu, akasema, "Si Arupe mwenyewe alienda kumuita."

Unakumbuka jinsi nilivyokuja hapo ulipokuwa ukifua.

"Ni wewe ulimuita?"

"Ndio, mama. Baba hayuko. Nani mwingine upande wa baba atanibariki? Niende tu hivi kama mbuzi amepotea?"

"Afadhali."

"Mama, si ni mimi alisingizia? Mbona hasira iko kwako?"

Nilikwenda kuosha mabakuli ambayo tayari yalikuwa safi. Swali lako lilikuwa zuri, na limenikalisha kwenye kiti hiki mchana wote. Hili hapa jibu lake, na uniwie radhi kwamba ni refu.

Kazi hii aliianzisha baba yako, unajua. Alikuwa askari wa lango kwenye makazi ya wageni wa mashirika, na kila waliporuka kwenda likizo waliacha mbwa wao wakilia nyuma ya milango. Akaanza kuwaleta hapa. Tukasimamisha vibanda kwa mabati na makuti ya mikoma, tukazungusha ua wa matawi ya mathenge yenye miiba, na majirani wakatuita Hoteli ya Mbwa. Walikuwa na haki ya kutucheka. Ukame ulikuwa umemaliza mbuzi wao, watu wanapanga foleni ya mahindi, na sisi tunawachemshia mbwa wa wazungu samaki. Ndiyo maana baba yako alisema mchuzi wa kwanza wa kila sufuria uende kwa jirani mwenye watoto, na ndiyo maana mpaka leo hakuna aliyewahi kuturushia jiwe.

Yeye ndiye aliyeleta utaratibu wa majina. Mbwa huja hapa na jina la kwao, na jina hilo limejaa sauti ya mwenyewe. Ukimwita kwa jina hilo, anakutazama, anaona si yule, anaanza kulia upya. Kwa hiyo jioni ya kwanza tunampa jina la hapa, bakuli likiwa mkononi: jina, kisha chakula. Siku ya kuondoka tunamwita mara ya mwisho, tunamlisha kwa mkono, na baada ya hapo hakuna mtu wa nyumba hii anayelitamka tena mbele yake. Jina linabaki kwenye ua. Sababu unaijua. Baba yako aliwahi kumtania mbwa wa padri sokoni kwa kumwita jina la hapa, na usiku uleule yule mbwa akakata kamba akaja kwetu akifuata barabara ya malori, nyayo zimechunika mpaka nyama. Baba yako alimpaka mafuta nyayo zile huku akijitukana. Tangu siku hiyo likawa sheria.

Baba yako alipofariki, Baba Ekal alikuja kukaa nami matanga, akaona vibanda vimejaa, akasema mwanamke peke yake hawezi. Yeye alikuwa na pikapu. Angekuwa akiwachukua na kuwarudisha mbwa wa Kakuma, mimi na wewe tuwalishe. Nilishukuru. Nilimpikia. Nilimwonyesha nani anang'ata na nani anaogopa radi, na nikamwambia majina.

Ndipo akaja Biskuti, mbwa wa Daktari Marta wa Kakuma, na wewe ukampa jina Lokori kwa sababu ya mabaka yake kama ya twiga. Sijawahi kuona mbwa na mtu wakipendana upesi hivyo. Ulikuwa ukilowesha gunia na kumtandikia mchana, ukimtembeza alfajiri kabla mchanga haujachoma, ukimwimbia nyimbo za kwaya, na kwa sauti yako hiyo, mwanangu, yule mbwa alikuwa mvumilivu.

Siku ile mimi nilikwenda Kalokol kuchukua vichwa vya samaki. Wewe ulijaza mabakuli, ukaenda mazoezi ya kwaya. Niliporudi jioni nilimkuta Baba Ekal amekaa hapo langoni, koleo kando yake, mchanga hadi viwikoni. Akaniambia alipita adhuhuri akamkuta Lokori amekufa kando ya bakuli kavu. Amemzika mwenyewe kwenye laga, kule kwenye mto mkavu, kwa sababu ya joto, na ili mtoto asione. "Usimpige sana," akaniambia. "Ni utoto tu."

Ukaapa kwamba bakuli lilikuwa limejaa. Ukaapa kwa jina la baba yako. Mimi nikamtazama mzee mwenye mchanga mikononi, nikakutazama wewe uliyetoka kuimba, nikachagua mzee. Nilikwambia neno ambalo sitaliandika hapa, unalijua. Hilo nalo nimeliweka kwenye hesabu yake, si yangu. Labda si haki. Lakini mdomo ulikuwa wangu na uongo ulikuwa wake, na siko tayari kuugawa mzigo nusu kwa nusu na mtu yule.

Daktari Marta aliporudi kutoka likizo alikuja mwenyewe. Sisi tulidhani atafoka. Aliuliza tu, "Hata maji, Mama Arupe?" Akachukua kamba ya mbwa wake ukutani, akaondoka. Mwezi haukuisha, karibu mbwa wote wa Kakuma walikuwa wameondolewa hapa. Sokoni nikawa yule mwanamke aliyeua mbwa kwa kiu. Hapa kwetu mtu anaweza kukuita mwizi ukacheka naye kesho yake, lakini kumnyima kiumbe maji ni jina ambalo halifutiki. Akina mama wa kanisa walikuwa wakinisalimu ejok, ejok, na macho yao yakienda kwenye mitungi yangu. Na Baba Ekal, kwa huzuni kubwa, akajenga vibanda vyake Kakuma ili wateja wasihangaike.

Wewe ulikuwa ukienda laga kukaa kwenye kile kichuguu cha mchanga. Uliweka mawe meupe. Nilikuwa nakuona ukirudi macho mekundu na nikajifanya naona vumbi. Na tangu hapo una kitu ambacho nadhani hujui kama nakijua: huwezi kupita kando ya bakuli bila kuchovya kidole. Ukiwa unaongea, ukiwa unacheka, hata ukiwa umebeba kuni, kidole kinashuka kinahakikisha maji yapo. Juzi kwa shangazi yako ulichovya kidole kwenye chungu cha maji ya kunywa ya wageni, wakacheka. Mimi sikucheka. Hicho kidole, Arupe, ndicho jibu la swali lako. Wewe umesamehe na kidole chako bado kinaogopa.

Sasa sikiliza habari ya Kakuma, maana nilikusimulia nusu.

Nilikwenda kumrudisha yule mbwa wa mwalimu, mmoja wa wateja wachache waliobaki. Nikakatiza sokoni kwenye kambi ya wakimbizi, na mlangoni mwa duka la unga nikaona mbwa wa mabaka amelala kwa mnyororo. Nikasema ni ndugu yake. Nikapita. Nikarudi. Sheria ilikuwa inanikataza kumwita, lakini sheria ilikuwa ya mbwa walio hai, na huyu nilikuwa nimeshaambiwa amekufa. Nikasema polepole, "Lokori."

Aliinuka na mnyororo, na mnyororo ukainuka na meza ya vitunguu. Alinirukia kifuani akanikojolea gauni zima. Akatoka mwenye duka, Mama Nyandeng, mwanamke mrefu wa Sudan Kusini, na fagio mkononi.

"Kalib de bitai! Hii mbwa yangu. Wewe nataka nini?"

"Ulipewa na nani?"

"Mzee ya Lodwar, iko na pikapu. Baba Ekal. Mimi napatia yeye uwanja nyuma ya duka, najenga nyumba ya mbwa yake, yeye naleta hii, nasema ni asante. Nasema mwenyewe ya mbwa alikufa."

Mwenyewe alikufa. Unaona kazi ya mtu huyu? Kwa daktari, mbwa ndiye aliyekufa. Kwa Mama Nyandeng, daktari ndiye aliyekufa. Aliwaua wote wawili, na wote wawili walikuwa wazima, wanakula, umbali wa kutupiana jiwe. Ilibaki bahati ya kuonana njiani tu. Lakini daktari alikuwa hatembei sokoni, na baadaye mkataba wake ukaisha akarudi kwao akiamini alichoambiwa.

Mama Nyandeng alimtazama Lokori akinilamba masikio, akateremsha fagio. "Chukua," akasema. "Mbwa nalia namna hii, mimi siwezi weka."

Hapo ndipo nilipokosea, na hili ndilo kosa ninalotaka ulibebe kichwani huko uendako kuliko yote. Nilifurahi. Nilimfungua mbwa nikakimbia naye nyumbani kama mwizi, nikiwazia uso wako tu. Ningemwacha kwenye mnyororo. Ningemwita chifu, ningemwita mchungaji, ningemwita Baba Ekal mwenyewe kutoka kule nyuma ya duka alikokuwa akilisha mbwa wangu, kisha ndipo nimtamke Lokori mbele ya wote. Haki nilikuwa nayo mkononi, ikiwa na mkia, na nikaipeleka nyumbani kimyakimya.

Maana unajua kilichofuata. Wazee walipotuketisha, alisema mbwa wa mabaka ni wengi Turkana nzima, huyu nimemwokota. Nikamtaja Mama Nyandeng. Akasema, "Hayo ni maneno ya mkimbizi. Basi mlete." Alisema vile akijua kwamba mkimbizi hatoki Kakuma bila kibali, na kibali hakitolewi kwa sababu ya mbwa. Nikasema alikuja nilipomwita kwa jina letu. Akacheka, akageukia wazee: "Mbwa akiwa na njaa si anakuja tu kwa jina lolote?" Nao wakacheka. Wakatuambia tutunze amani ya nyumba.

Jibu lilinijia nimeshafika nyumbani, nikivua viatu. Basi mwite wewe. Maneno matatu tu. Ningeyasema pale mbele yao angefanyaje? Mtu aliyemzika mbwa kwa mikono yake anawezaje kumwita aje? Nililala nayo maneno hayo, nikaamka nayo, nikachota nayo maji. Watu wa kanisa wataniambia kisasi humkondesha anayekibeba. Mimi kimeninenepesha, uliza nguo zangu.

Kwa kukosa njia kubwa nilitumia ndogo. Tangu mafuta yapatikane mwaka jana wamekuja wageni wapya, na wageni wapya hawajui habari za zamani. Mhandisi mmoja akatuletea yule mbwa mweupe mnene, mwizi, mwenye kujamba hata akilala. Wewe ulitaka kumwita Wingu. Mimi nikampa jina la Baba Ekal, lile alilopewa na mama yake, ambalo mimi mke wa mdogo wake sikutakiwa kulitamka hata ndotoni. "Lomuria, toa kichwa kwenye sufuria!" "Lomuria, nani amekuruhusu kupanda kitanda cha mwenzako?" Kila jioni, kwa sauti ya kufika barabarani. Majirani walikuwa wakitoa viti nje. Shangazi yako aliziba mdomo kwa kanga mpaka machozi yakamtoka. Wazee wakaniita tena, nikawaambia kwa upole kwamba watu wenye jina hilo ni wengi Turkana nzima. Sijawahi kulala vizuri kama usiku ule.

Lakini mhandisi alikuja kumchukua mbwa wake, na utamu ukaenda naye. Na kidole chako bado kinachovya.

Sikufundishi kusamehe, Arupe, wala sikufundishi kutosamehe. Mambo hayo utayapima mwenyewe. Ninachokijua nimekipata kwa mbwa. Yule anayebweka sana mlishe tu, atanyamaza. Yule anayekuja akitingisha mkia huku anakutazama mkono badala ya uso, huyo mtazame. Baba Ekal alikuwa akitazama mkono wangu tangu siku ya matanga, na mimi nilikuwa nikilia, sikuona. Huko chuoni kwenu cha mifugo watakufundisha magonjwa ya ng'ombe. Ugonjwa huu sidhani kama wameuandika.

Na niseme lingine, kwa sababu ni jioni na utaondoka. Naogopa. Nitabaki na vibanda na shangazi anayeongea. Nitawaita mbwa na hakuna atakayenisahihisha matamshi. Nilitaka uondoke nyumba hii ukiwa msafi kama ulivyoingia, bila neno la mtu mgongoni, na sikuweza kulitoa. Hilo ndilo linalonikera zaidi ya wateja, zaidi ya Kakuma yote.

Basi kesho.

Watu watakuwa wengi langoni. Akina mama wa kanisa watakuja kukusindikiza, majirani watakuja kuona sanduku lako, na wale wazee waliocheka watakuja naye, kwa sababu hawezi kubariki mtoto bila kutazamwa. Atabeba kibuyu chake. Atachukua maji mdomoni kama desturi inavyotaka, akutemee kwenye paji la uso na kifuani, uende salama. Desturi hiyo naipenda. Baba yako alikutemea maji ulipozaliwa, ukapiga chafya, akasema huyu atatubishia. Maji ni mazuri. Tatizo langu ni mdomo unaoyabeba. Mdomo huo ulisema ulimnyima mbwa maji akafa, na haujasema vingine mpaka leo. Sasa ukumwagie wewe maji, na jua liwake, na tuseme amina?

Umeniuliza kwa nini hasira iko kwangu wakati kosa ulitendewa wewe. Sawa. Nakupa kosa lako. Kamba ya Lokori utaishika wewe.

Ukimfungia kibandani, nitaelewa. Nitafungua lango, nitamkaribisha Baba Ekal, nitashika kibuyu chake kama shemeji mwema, na sitasema neno. Itaniuma mpaka kufa, lakini utaondoka na baraka uliyoitaka, na sitakulaumu hata kwa barua.

Lakini nikikuona umetoka naye, umesimama naye kando ya sanduku, nitajua. Sitapiga kelele wala sitamtukana mtu. Nitasimama langoni nimwambie mbele ya wote, kwa adabu zote, "Baba Ekal, karibu. Huyu ni mbwa niliyemwokota, wewe ulisema anakuja kwa jina lolote. Mwite jina la yule uliyemzika, kisha mbariki mtoto." Basi. Akimwita Lokori, na Lokori akaenda kwake, maana alimlisha na mbwa hajui kinyongo, watu wote watakuwa wamesikia kutoka kwa mdomo wenyewe kwamba bakuli lako lilikuwa limejaa. Mdomo utakuwa umeoshwa. Nitasogea kando, akutemee maji mpaka ulowe, na mimi wa kwanza nitasema amina.

Atataka kunyamaza. Namjua. Atakuja ameshayajaza maji mdomoni, ili asiulizwe, asijibu. Mwache. Wewe shika kamba, simama wima, usimsaidie kwa machozi wala kwa tabasamu. Basi halitaondoka bila sanduku lako kupakiwa, na sanduku nitalikalia mimi. Tutamsubiri. Jua litapanda, mchanga utaanza kuchoma, wazee watamtazama, na mashavu yake yatachoka.

Yule mwenye kupe amelala, na wewe umeacha kugonga sufuria, kwa hiyo chakula kimeiva. Barua hii nitaiweka chini ya bakuli la Lokori, mahali ambapo najua kidole chako hakitapita bila kufika. Soma, kisha walishe, uwaite mmoja mmoja kwa majina yao ya hapa.

Na kesho, mwanangu, kama hawezi kumwita, basi ayameze maji yake.

Mama yako